Tuneli ya tomati hapa Lubumbashi: tujue kwanza joto, kiisha tununue plastiki



Kuna swali moja linanifuata kila fasi, kwenye basi, kwenye kilio, hata mlangoni mwa kanisa: "Yaya, nyumba ya plastiki ya kulima tomati inauzwa ngapi?" Wanaouliza ni vijana waliomaliza masomo na bado hawana kazi. Wana akiba kidogo, ao wameungana watu watatu, wanne, wakachanga dolari. Wanaona mboga na unga vinavyopita Kasumbalesa kutoka Zambia, wanajiuliza: kwa nini pesa ile isibaki kwetu?

Swali la bei ni la maana. Lakini kuna lingine linalotangulia, na karibu hakuna anayeliuliza: ndani ya nyumba ile, joto itafika ngapi saa saba ya mchana mwezi wa kumi? Na itashuka mpaka ngapi saa kumi na moja ya asubuhi mwezi wa saba? Usipojua majibu hayo mawili, unaweza kulipa pesa yote ya akiba kwa kujenga jiko la kuchoma tomati zako. Mimi ni mtu wa agronomia, na leo nataka tuyatafute pamoja, kwa hesabu ndogo tulizosoma wote kwenye sekondari.

Blanketi ya Ulaya, mwavuli wa Lubumbashi

Nikisema tuneli, nataka kusema nyumba ya matao: vyuma, mabomba ao mianzi iliyokunjwa, na juu yake plastiki ya kuangaza. Wengine wanaita seri, kutoka Kifaransa.

Vitabu vingi tulivyosomea, na video nyingi tunazoangalia kwenye simu, vinatoka Ulaya. Kule, mwezi wa tatu nje bado kuna baridi kali, na mkulima anataka joto ikae ndani. Kwake tuneli ni blanketi. Ndiyo maana vitabu vile vinaanza na namna ya kuifunga vizuri, na vinasema jua la kutafuta liko upande wa kusini.

Sisi tuko karibu digrii 12 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita, jua la saa sita linasimama upande wa kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi wa pili na kisha karibu tarehe 20 na kitu ya mwezi wa kumi, linasimama sawasawa juu ya kichwa, kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Mwezi wa pili mawingu yanatukinga. Mwezi wa kumi hakuna wingu, udongo umekauka, mvua bado haijaanza vizuri. Njo wakati wa joto kuliko yote.

Tuangalie mwaka wetu. Mji uko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1 200 juu ya bahari. Mvua kubwa inashika kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, na kwa mwaka inaanguka milimita 1 200 hivi. Kiangazi kinatoka mwezi wa 5 mpaka wa 9, lakini kina sura mbili. Mwezi wa 6 na wa 7 mchana ni mzuri, digrii 25 ao 26, ila alfajiri inaweza kushuka chini ya 10. Kiisha, mwezi wa 9 na wa 10, mchana unapita 30. Wakati wa mvua, mchana unacheza kati ya 26 na 28, usiku ni 16 ao 17.

Sasa weka pembeni ya hesabu hizo mahitaji ya tomati. Mchana inapenda kati ya digrii 21 na 27. Usiku inapenda kati ya 15 na 20. Usiku ukishuka chini ya 13, maua yanashindwa kufunga matunda vizuri. Chini ya 10, mmea unasimama, haukui. Mchana ukipita 32 mpaka 35, mbegu ya kiume ya ua inakufa, ua linakauka na kuanguka. Na juu ya digrii 30 tunda lenyewe linashindwa kutengeneza rangi nyekundu. Linabaki la manjano, na mama muuzaji wa soko anakukatia bei.

Umeona? Wakati wa mvua, joto ya nje ni karibu ile ile tomati inataka, mchana na usiku. Shida ya wakati ule ni maji juu ya majani, yanayoleta mildiu na kuoza. Hii njo sababu tomati inakuwa ghali wakati wa mvua, na njo sababu tuneli inaweza kukupa faida. Kwa hiyo kwetu kazi yake ya kwanza ni kuwa mwavuli. Ni blanketi kwa majuma machache tu ya mwezi wa sita na wa saba. Na mwezi wa kumi ni jiko, usipoifungua.

Kwa nini inapata moto haraka hivi

Tuchukue tuneli ya mita 5 kwa 10, yaani mita 50 za mraba, na urefu wa mita 2 na nusu katikati. Mchana wa mwezi wa kumi, jua linatupa karibu wati 1 000 kwa kila mita ya mraba. Plastiki nzuri inaacha karibu sehemu nane juu ya kumi zipite. Hesabu: ndani inaingia zaidi ya wati 35 000. Ni sawa na kuwasha resho 35 za umeme, za wati 1 000 kila moja, ndani ya chumba cha mita 5 kwa 10, kiisha kufunga mlango.

Na hewa iliyo mle ndani ni ngapi? Ni mita 100 za ujazo hivi, ambazo kwa urefu wa mji wetu zina uzito wa kilo 100 tu. Ili kupandisha hewa ile yote kwa digrii moja, inatosha nguvu ndogo sana, karibu sawa na ya kupandisha bidoni moja ya maji ya lita 20 kwa digrii moja. Basi hewa ya tuneli ni kitu chepesi: inapanda mbio asubuhi, na inashuka mbio jioni. Kila mtu aliyeingia kwenye gari iliyoachwa juani vioo vimefungwa anajua jambo hili kwa ngozi yake.

Watu wanafikiri plastiki "inavuta" joto. Hapana. Nje, udongo unapata jua lile lile, lakini hewa ya moto inapanda na kwenda zake, hewa mpya inakuja. Plastiki inakata safari ile. Ukitaka joto ishuke, rudisha safari ya hewa. Dawa nyingine zote zinasaidia tu hii moja.

Dada mmoja mwenye tuneli upande wa Kasapa aliniuliza:

"Yaya, maua yanaanguka yote. Nipulize dawa gani?"

"Saa saba ya mchana unaweza kusimama ndani dakika kumi?"

"Aka! Haiwezekane, utazimia."

"Basi na ua nalo linazimia, ila lenyewe halina miguu ya kutoka."

Hakuhitaji dawa. Alihitaji kisu cha kukatia plastiki ya pembeni, na kamba ya kuikunja.

Kufungua: fasi gani, na kwa ukubwa gani

Kanuni ya chini kabisa ni hii: matundu ya hewa yafike sehemu 20 juu ya 100 ya eneo la chini. Kwa tuneli yetu ni mita 10 za mraba. Kwa mwezi wa kumi wetu mimi napenda mara mbili yake. Mlango mmoja wa mbele haufiki hata mita 2. Lakini plastiki ya pembeni ikiweza kukunjwa mpaka urefu wa mita moja, pande zote mbili, kwa urefu wote wa mita 10, tayari una mita 20. Haihitaji mashine: ni bomba ao mti mnyoofu uliofungwa chini ya plastiki, unauzungusha kama mkeka.

Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ukifungua pembeni peke yake, moto unabaki umejifungia kwenye mgongo wa tuneli, na tomati zikikua zikafika juu, vichwa vyake vinaingia mle mle. Kwa hiyo fungua na juu: kwenye kila uso, mbele na nyuma, acha dirisha pale juu kabisa. Fundi wako akiweza, apandishe nusu moja ya paa kidogo kuliko nyingine, ili kati yao kubaki mwanya mrefu. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu, kama moshi wa tanuru la matofali. Hata siku isiyo na upepo, nyumba inapumua.

Upepo wa kiangazi kwetu unatoka sana mashariki na kusini-mashariki. Weka ubavu mrefu wa tuneli upokee upepo ule, usiuzibe na ukuta wa parcelle ao migomba. Na usitamani tuneli ndefu sana: kadiri inavyokuwa ndefu na fupi kwa kimo, ndivyo katikati yake inavyokosa hewa. Ni heri mbili fupi na refu kwa kimo kuliko moja inayotambaa kama nyoka.

Angalia pia neti za kuzuia wadudu. Ni nzuri, lakini matundu yake madogo yanapunguza sana hewa. Ukiziweka, ongeza ukubwa wa ufunguo.

Kivuli na maji

Ukifungua vizuri, hewa ya ndani itakaribia ile ya nje. Lakini mwezi wa kumi ya nje yenyewe inapita 30, na jua bado linapiga majani. Hapo njo kivuli kinaingia.

Neti ya kivuli ya asilimia 30 mpaka 50 inatosha. Iweke nje, juu ya plastiki, na uache nafasi ya hewa kati yao. Ukiiweka ndani, jua limekwisha kupita plastiki: neti inapata moto, na moto ule unabaki ndani pamoja nawe.

Kama hauna pesa ya neti, kuna chokaa. Ikoroge na maji mengi, ipake nyepesi juu ya plastiki mwishoni mwa mwezi wa tisa. Linda macho na mikono, juu chokaa inaunguza. Uzuri wake ni kwamba mvua za mwezi wa 11 zinakuja zenyewe kuiosha, wakati ule ule mawingu yanarudi na mimea inaanza kuhitaji mwanga wote. Usiache kivuli kizito wakati wa mvua; tomati iliyokosa mwanga inarefuka bure, shina kama uzi.

Msaidizi wa pili ni mmea wenyewe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakula nguvu sawa na resho ya wati 1 000 iliyowaka dakika 40. Tomati zilizokomaa, siku ya jua kali, zinaweza kutoa kwenye majani lita 4 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 50 ni lita 200 kwa siku. Weka hesabu hizo pamoja, utakuta mimea yenye maji ya kutosha inaondoa zaidi ya nusu ya joto yote ya jua la siku ile. Ni mashine ya baridi isiyohitaji umeme wa SNEL.

Lakini ina masharti mawili. Maji yawepo kwenye udongo kabla ya jua kupanda, kwa hiyo mwagilia asubuhi mapema. Na mvuke upate njia ya kutoka. Ukifunga, hewa inashiba maji, na mashine inasimama. Kutoka hapo utaelewa kwa nini tuneli yenye miche midogo inaunguza kuliko ile iliyojaa majani: udongo mtupu hautoi jasho. Mwenye kupandikiza mwezi wa tisa ajue kwamba majuma yake ya kwanza njo ya hatari.

Usiku wa mwezi wa saba

Sasa tugeuke upande wa baridi. Watu wengi wanaamini kwamba tuneli iliyofungwa usiku inabaki na joto kama nyumba ya matofali. Haiko hivyo. Plastiki ya kawaida ni nyembamba, na inaacha joto ya udongo itoroke kwa mionzi kwenda mbinguni. Usiku wa kiangazi, bila wingu wala upepo, inaweza hata kutokea ndani kuwe na baridi kidogo kuliko nje, juu upepo wa nje haufiki kuchanganya hewa.

Wengine wanasema: "Nitajaza bidoni za maji ndani. Mchana zinapata moto, usiku zinautoa." Fikra ni nzuri. Tuipime. Eneo lote la plastiki ya tuneli yetu, paa na nyuso mbili, ni karibu mita 100 za mraba. Kila mita inapoteza wati 6 hivi kwa kila digrii ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka kubaki digrii 5 juu ya nje, unapoteza wati 3 000. Kwa masaa 12 ya usiku ni kilowati-saa 36. Bidoni moja ya lita 20, ikishuka kwa digrii 10, inatoa kilowati-saa 0,23. Bidoni 20 zinatoa 4,6. Kwa hiyo bidoni 20 zitakupa nyongeza isiyofika digrii moja, na kupata digrii zote 5 kwa maji peke yake ungehitaji bidoni 150 na zaidi. Mimea ungeiweka wapi?

Basi tufanye mambo yanayolipa kweli.

Kwanza, udongo. Ndio bidoni kubwa kuliko zote, na umekwisha kuwa nao bure. Udongo wenye unyevu unaweka joto nyingi kuliko udongo mkavu. Mwagilia asubuhi, jua liupige mchana, usiku utakurudishia. Mwezi wa sita na wa saba, sogeza pembeni majani makavu uliyofunika chini ya mimea, juu yanazuia jua lisiingie kwenye udongo na yanazuia joto isitoke. Mwezi wa tisa uyarudishe, maana hapo unataka udongo upoe na maji yasipotee.

Pili, saa ya kufunga. Jua la mwezi wa sita linazama kabla ya saa kumi na mbili. Funga mapema, saa kumi ya jioni, yaani 16h, wakati bado linaingia ndani. Ukingoja giza, unafungia baridi.

Tatu, tuneli ndani ya tuneli. Kunja vijiti ao mabomba madogo juu ya mistari ya mimea, funika jioni na plastiki ya zamani ao kitambaa chepesi, ondoa asubuhi. Hewa iliyokamatwa kati ya tabaka mbili inakupa digrii 2 ao 3. Kwa miche inatosha kuvuka alfajiri. Na bidoni zako chache zitafaa zaidi hapa, ndani ya kijumba kidogo karibu na miche, kuliko katikati ya tuneli kubwa.

Nne, chagua mmea. Hakuna sheria inayosema mwezi wa saba lazima ulime tomati ndani. Lazima ukumbuke kwamba saladi, shou na karoti zinapenda baridi ile, tena nje, bila plastiki.

Kitu kimoja nakataza kabisa: mbabula ya makala ndani ya tuneli iliyofungwa. Moshi wake una gesi inayoangusha maua, na ile gesi nyingine isiyo na harufu inaua mtu. Kijana anaingia usiku kuangalia moto, anaketi kidogo, hatoki. Hakuna tomati yenye bei ile.

Unyevu: rafiki mchana, adui usiku

Wakati wa mvua hatari inageuka. Joto ni nzuri, ila hewa imeshiba maji. Hewa ya digrii 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo; ya digrii 10 inabeba 9 tu. Kila inaposhuka joto, inalazimika kutua mzigo. Ukifunga jioni hewa ya digrii 25 yenye unyevu mwingi, na alfajiri ikashuka mpaka 10, tuneli yetu itatema karibu lita moja ya maji kutoka kwenye hewa peke yake. Inashika kwenye plastiki, inadondoka juu ya majani. Umelipa plastiki kuzuia mvua, kiisha unatengeneza mvua yako mwenyewe ndani.

Kwa hiyo, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, pembeni zibaki wazi mchana na usiku. Unashusha tu dhoruba ikikaribia. Wakati wa baridi unafunga usiku, sawa, lakini asubuhi fungua kidogo mara jua likianza kugusa plastiki, usingoje saa nne. Hewa yenye maji itoke kabla majani hayajapika ndani ya mvuke. Tena ufunguo ule unaleta upepo unaotikisa maua. Tomati inahitaji kutikiswa ili ichavuke. Hewa ikisimama, gonga-gonga kamba za mimea asubuhi wakati majani yamekauka.

Termometa na daftari

Yote haya ni maneno mpaka upime. Nunua termometa, na ukipata ile inayoweka alama ya joto ya juu na ya chini, ni bora zaidi. Usiitundike juani: itapima jua lililopiga kioo, haitapima hewa. Iweke ndani ya kopo jeupe lililotobolewa pande zote, kwenye kimo cha vichwa vya mimea. Mimea ikipanda, nayo ipande. Ukiweza, weka ya pili nje kwenye kivuli.

Andika mara tatu kwa siku: kabla jua halijatoka, saa nne ya asubuhi na saa nane ya mchana. Tofauti kati ya ndani na nje saa nane njo inayokuambia ukweli wa ujenzi wako. Ikiwa ndani inapita nje kwa digrii 2 ao 3, unapumua vizuri. Ikiwa inapita kwa 8 ao 10, usitafute mbegu mpya wala dawa; tafuta kisu na kamba.

Na usisubiri 35 ndipo ufungue. Fungua ikifika 24 ao 25, maana resho zile 35 hazingoji mtu aliyekwenda mjini kufuata karatasi. Kama hakuna anayebaki nyumbani mchana, basi tuneli yako ijengwe ya kubaki wazi, na iwe ya kufungwa kwa nafasi. Hili mujadiliane kabla ya kuchanga pesa: nani anakunja plastiki saa mbili ya asubuhi, nani anashusha saa kumi ya jioni, kila siku, hata Jumapili? Kama jibu ni "tutaona", jengeni paa peke yake.

Anza na paa

Hapa njo nafika kwenye shauri langu kwa wale wenye akiba ndogo. Jenga kwanza paa la plastiki bila kuta. Matao yale yale, plastiki ya juu tu, inayoshuka mpaka kiunoni, na mfereji pembeni wa kupeleka maji ya mvua mbali. Mvua haigusi majani, hewa inapita yenyewe, na mwezi wa kumi unaongeza chokaa ao neti. Umepata sehemu kubwa ya faida ya tuneli kwa lugha ya hewa yetu, na umeondoa hatari kubwa kuliko zote, ile ya kuchoma mimea siku moja uliyochelewa kurudi.

Lima msimu mmoja wa mvua hivyo, andika joto kila siku. Mwezi wa tano ukifika, soma daftari lako. Kama alfajiri za baridi zinakuzuia kuuza kitu chenye bei nzuri, hapo ongeza plastiki ya pembeni, ile ya kukunja. Ukiona haikuzuii, pesa ile inunue pipa la maji ao mbegu nzuri.

Kwa wale walio na tuneli tayari, kazi ni ya kesho. Saa nane ya mchana ingieni ndani na termometa, mpime, kiisha mtoke mpime kivulini. Tofauti ya hesabu hizo mbili itawaambia plastiki mkunje mpaka wapi.